Robert Bosch: Fundi aliyeacha jina katika pampu ya mafuta

WENYE magari hulijua jina la Robert Bosch, ila wachache wanayajua maisha yake. Mjerumani huyo alizaliwa 1861 karibu na Ulm, akafungua karakana jijini Stuttgart mnamo 1886. Mwaka wa 1906 aliwapunguzia wafanyakazi wake kazi hadi saa nane kwa siku. Kampuni yake ilianza kuunda kwa wingi pampu za injini za dizeli mnamo 1927.

Aliaga dunia 1942, lakini pampu zenye jina lake zikaenea hadi kwenye magari ya kasi. Katika Porsche 914, pampu iliwekwa karibu na injini. Joto likageuza petroli kuwa mvuke, gari likazimika. Katika magari ya 1975 ilihamishiwa mbele, karibu na tangi, penye ubaridi.