William Murdoch, fundi aliyeipitisha gesi kwenye mabomba

Siku hizi haidrojeni ndiyo habari ya mjini, hasa kwetu Oman, ambako kampuni ya Hydrom iliundwa mwaka 2022 kusimamia miradi yake. Uingereza nako wameijaribu kwa kuichanganya na gesi asilia mabombani. Wengi wetu tunadhani ni jambo jipya. Kumbe gesi iliyowasha taa za kwanza za viwanda vya Uingereza ilikuwa na haidrojeni tele, na fundi wake ni Mskochi, William Murdoch.

Murdoch alizaliwa tarehe 21 Agosti 1754 kijijini Lugar, Ayrshire, baba yake akiwa fundi wa vinu. Mwaka 1777 alikwenda kwa miguu mpaka Birmingham, safari ya zaidi ya kilomita 400, kuomba kazi kwa Boulton na Watt, watengenezaji wa injini za mvuke. Husimuliwa kuwa Boulton aliiona kofia yake, akashangaa: ilikuwa ya mbao, tena kaikereza mwenyewe. Kazi akapata.

Akapelekwa Cornwall kuangalia injini za migodini. Huko mkewe Anne alifariki mwaka 1790, akamwachia watoto wawili wa kiume. Miaka miwili baadaye, nyumbani kwake Redruth, alipasha moto makaa ya mawe ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa. Gesi iliyotoka akaipitisha kwenye mabomba ya bati na shaba, mwendo wa mita 20 hivi, akaiwasha taa.

Hapo ndipo bahati ilipomponyoka. Kampuni yake ilikuwa na kesi mahakamani juu ya injini za Watt, na hati ya kumiliki uvumbuzi wa gesi haikukatwa. Aliwasha taa kiwanda cha Soho, kisha kiwanda cha pamba huko Salford, na mwaka 1808 akatunukiwa nishani ya Rumford. Lakini mwaka 1812 kampuni ya Winsor ndiyo iliyopata idhini ya kusambaza gesi London. Murdoch hakuambulia hata senti kwa uvumbuzi ule. Maskini lakini hakuwa, maana mshahara wake ulikuwa mzuri. Alifariki tarehe 15 Novemba 1839, akazikwa Handsworth, kanisa moja na mabosi wake.

Gesi ile ya makaa, takriban nusu yake haidrojeni, ilitumika majumbani Uingereza mpaka gesi asilia ya Bahari ya Kaskazini ilipoiondoa kati ya 1967 na 1977. Chuo Kikuu cha Keele kilipojaribu mchanganyiko wa hadi asilimia 20 kuanzia 2019, ilikuwa kama kurudi nusu ya njia aliyoipita Murdoch. Tofauti ni kwamba haidrojeni yake ilitoka kwenye makaa na moshi, na ya leo inatafutwa kwenye jua, upepo na maji.

Ndugu msomaji, ukiwa na kijana mwenye akili ya ufundi, msaidie avumbue, na msaidie pia kukata hati yake mapema.