Charles Kettering, Baba wa Stata

Kama wewe ni mkaaji wa huku kwetu Mutuini, baridi ya Julai waijua. Alfajiri moja ya baridi hiyo, pikapu ya mjomba wangu ilikataa katakata kuwaka. Akizungusha ufunguo, tunasikia mlio mmoja tu, tik, kisha kimya. Tukaisukuma hadi kwa fundi, nami nikachelewa shule. (Mwalimu wa zamu hakutaka kusikia habari za pikapu.) Hapo kwa fundi ndipo nilipoanza kujiuliza ni nani aliyetuletea hiki kitu kiitwacho stata. Nikatafuta, nikampata: Charles Kettering.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876, shambani karibu na mji mdogo wa Loudonville, jimbo la Ohio, Marekani. Macho yake yalikuwa mabovu. Alifundisha shule kwanza, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, lakini macho yakamshinda, akaacha. Unajua alienda kufanya nini? Kuchimba mashimo ya nguzo za simu! Wale wenzangu mnaodhani maisha yamekwisha kwa sababu ya D ya hesabu, hebu sikilizeni. Alirudi chuoni, wenzake wakawa wanamsomea vitabu kwa sauti, na mwaka wa 1904 akahitimu uhandisi wa umeme.

Kampuni ya National Cash Register ya mjini Dayton ikamwajiri. Siku hizo mashine za kuhesabia pesa dukani zilizungushwa kwa mkono, naye akazitilia mota ndogo ya umeme. Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Mota ya namna hiyo haifanyi kazi kutwa. Inazunguka sekunde chache, inapumzika hadi mteja mwingine aje. Kwa hivyo yaweza kuwa ndogo, ikabebeshwa mzigo mkubwa kuliko kiasi chake, bora tu isikawie.

Nayo magari, je? Hayo yaliwashwa kwa hendeli ya chuma mbele ya injini. Cheche ikiwahi mapema, injini inarudi nyuma kwa ghafla na hendeli inamvunja mtu mkono. Inasimuliwa kwamba Byron Carter, mtengenezaji wa magari aliyefariki mwaka wa 1908, aligongwa taya na hendeli alipokuwa akimsaidia mama mmoja ambaye gari lake lilikuwa limezimika, na jeraha hilo ndilo lililomfikisha kaburini. Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alitaka magari yake yawashwe bila hendeli.

Kettering na mwenzake Edward Deeds walikuwa wameanzisha kampuni ya Delco mwaka wa 1909, na karakana yao ilikuwa ghala la nyuma ya nyumba ya Deeds. Kumbe jua kali haikuanzia kwetu! Wataalamu walishikilia kuwa mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno, haingeenea garini. Kettering akaikumbuka ile mashine ya dukani. Injini haihitaji kuzungushwa kutwa, yahitaji sekunde chache tu. Mwaka wa 1911 stata ilikuwa tayari, na Cadillac za mwaka wa 1912 zikatoka nayo.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Jambo la kwanza alimkataza mjomba kuung'ang'ania ufunguo. Sekunde chache, kisha uache stata ipoe. Mjomba alidhani fundi anajidai, kumbe ni fikira ile ile ya Kettering: mota ndogo iliyozidiwa mzigo ukiikawiza inaungua. Fundi akawasha taa kubwa, akazungusha ufunguo. Taa hazikufifia, kwa hivyo betri haikuwa na hatia. Akatoa gia, akavuta breki ya mkono, akaunganisha kwa bisibisi nzee zile nati mbili nene za solenoidi. Cheche zikaruka (usijaribu nyumbani), na mota ikazunguka kwa kelele. Basi mota ni nzima, ugonjwa uko kwenye solenoidi. Hiyo solenoidi, ambayo wengine waliileta baadaye, ni sumaku yenye kazi mbili: kusukuma kigia kishikane na meno ya gurudumu la injini, na kufungulia mota umeme mwingi. Ndani yake vipande vya shaba vilikuwa vimeungua upande mmoja. Fundi akavigeuza, akaangalia na kaboni, akafunga.

Kettering aliongoza utafiti wa General Motors kuanzia 1920 hadi 1947. Mimi hapo simsifu kwa yote. Mwaka wa 1921 msaidizi wake Thomas Midgley aligundua kwamba risasi ikitiwa katika petroli huzuia injini kugonga. Risasi ni sumu. Wafanyakazi kadhaa walikufa mwaka wa 1924, na bado Kettering aliitetea biashara hiyo. Petroli hiyo iliuzwa hata hapa Kenya hadi mwanzoni mwa 2006. Ajabu ni kwamba hospitali maarufu ya saratani ya New York ina jina lake pia. Alifariki tarehe 25 Novemba 1958.

Pikapu iliwaka saa nne asubuhi. Mjomba aliizima, akaiwasha, akaizima tena, akaiwasha, mpaka fundi akamnyang'anya ufunguo.