Al-Hajj Malik El-Shabazz (Malcolm X) na Amana ya Kura



Ndugu msomaji, kila Ramadhani tunakumbushana habari za waliotutangulia ili tupate mazingatio. Safari hii tumemchagua Malcolm X. Vijana wengi hapa Voi wanamjua kwa picha ya kwenye tisheti, na kisa chake cha gerezani na Hijja kimesimuliwa sana. Lakini iko sehemu ya maisha yake ambayo haisemwi sana: vipi mtu aliyelelewa katika kundi lililojitenga na siasa alikuja kuwahimiza watu weusi wajiandikishe kupiga kura, mtaa kwa mtaa.

MALEZI NA GEREZA

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 mjini Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani. Baba yake, Earl Little, alikuwa mhubiri wa Kikristo na mfuasi wa Marcus Garvey, yule mtu wa Jamaica aliyewafundisha weusi kujitegemea na kuikumbuka Afrika. Mama yake, Louise, alizaliwa kisiwani Grenada. Mwaka 1931 baba alikufa baada ya kukanyagwa na tramu, na familia iliamini siku zote kwamba aliuawa na wazungu wabaguzi. Mama akabaki na watoto wengi na umaskini. Mwishowe akili yake ikazidiwa na mzigo, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, nao watoto wakatawanywa.

Malcolm akaingia mitaani, Boston na kisha Harlem: kamari, madawa, wizi. Mwaka 1946, akiwa na miaka 20, akafungwa. Sasa hebu tazama kudra za Mwenyezi Mungu. Mle gerezani ndimo alimopata elimu. Alianza kuinakili kamusi kwa mkono, neno baada ya neno, akasoma mpaka macho yakadhoofika. Humo pia ndugu zake wakamvuta kwenye kundi la Nation of Islam la Elijah Muhammad.

Tuseme wazi, itikadi ya kundi lile haikuwa Uislamu tunaoujua. Lilifundisha kwamba wazungu ni mashetani, na kumpa Elijah cheo cha utume. Hata hivyo liliwatoa vijana wengi katika ulevi na uhalifu. Malcolm alipotoka gerezani mwaka 1952 akawa msemaji wao mkubwa kwa karibu miaka 12. Katika muda huo wote kundi liliwataka wafuasi wakae kando na siasa. Kura, walisema, ni mambo ya wazungu.

MWAKA ULIOMBADILISHA

Machi 1964 Malcolm aliachana na Elijah Muhammad. Aprili akaenda Hijja. Huko Makka alikula sahani moja na Waislamu wa kila rangi, akaona kwamba aliyofundishwa kuhusu rangi za watu hayakuwa kweli. Akarudi akiwa Al-Hajj Malik El-Shabazz, Muislamu wa Sunni.

Fikra zake juu ya kura nazo ziligeuka mwaka huohuo. Katika hotuba yake mashuhuri ya tarehe 3 Aprili 1964 mjini Cleveland, aliwakumbusha wasikilizaji kuwa kura za weusi zilimsaidia sana John Kennedy kushinda mwaka 1960 kwa tofauti ndogo, lakini baada ya ushindi mambo yao yakawekwa chini kabisa ya meza. Makosa, kwa maoni yake, ni kuitoa kura kwa mazoea, bila kumjua unayempa wala kumdai alichoahidi.

Juni 1964 aliunda jumuiya ya umoja wa Wamarekani weusi, na katika malengo yake akaandika jambo la vitendo: kuanza mara moja kuandikisha wapiga kura, kuipanga jamii nyumba kwa nyumba, na kila mtu ajiandikishe bila kujifunga na chama chochote. Aliyejifunga na chama, chama humwona ni wake na hakimshughulikii tena.

SAFARI YA AFRIKA MASHARIKI

Mwaka huo alizunguka Afrika miezi kadhaa. Oktoba alifika kwetu: Nairobi, Zanzibar na Dar es Salaam. Alionana na Mwalimu Nyerere akiwa pamoja na Abdulrahman Babu, na alisafiri ndege moja na Mzee Jomo Kenyatta na Milton Obote. Aliwaona Waafrika wakiongoza nchi zao, na Kenya wakati huo haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja wa uhuru.

Pale Nairobi alikutana na vijana wawili kutoka kwao, John Lewis na Donald Harris. Walitumwa na kamati ya wanafunzi iliyokuwa ikiandikisha wapiga kura weusi kusini mwa Marekani, kazi iliyowatia watu jela na wengine kaburini. Lewis alikuwa na miaka 24 tu. Mazungumzo yao hapa Kenya yaliwakaribisha watu ambao kule nyumbani walidhaniwa ni mahasimu.

Aliporudi Marekani, Desemba alikuwa jukwaa moja huko Harlem na Bi Fannie Lou Hamer wa Mississippi. Mama huyu, mfanyakazi wa mashamba ya pamba, alikwenda kujiandikisha mwaka 1962. Akapewa mtihani wa kufafanua kifungu cha katiba ya jimbo, akafelishwa, na akafukuzwa shambani alikoishi. Mwaka uliofuata akapigwa vibaya katika jela ya Winona. Hakuacha.

RAMADHANI YAKE YA MWISHO

Ramadhani ya mwaka 1384 Hijria ilimalizika mwanzoni mwa Februari 1965. Ndiyo iliyokuwa ya mwisho maishani mwa Malik El-Shabazz. Wiki hiyohiyo ya Idi, tarehe 4 Februari, alikuwa Selma, jimbo la Alabama. Huko weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakaazi, lakini walioandikishwa walikuwa kama wawili tu katika kila mia. Ofisi ya uandikishaji ilifunguliwa siku mbili kwa mwezi, na anayefika alikutana na mitihani ya hila.

Martin Luther King alikuwa jela kwa ajili ya jambo hilo. Malik akazungumza na vijana ndani ya kanisa, akaketi karibu na mke wa King, akamweleza kwamba hakuja kumharibia mumewe kazi bali kuisaidia. Muislamu na Wakristo walikuwa pamoja kwa sababu dhuluma ilikuwa moja.

Tarehe 14 Februari nyumba yake ilirushiwa mabomu ya petroli, mke wake Betty na watoto wakiwemo. Jumapili ya tarehe 21 Februari 1965 akapigwa risasi jukwaani mjini New York. Alikuwa na miaka 39. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

MATUNDA ALIYOYAKOSA

Wiki mbili baadaye, Machi 7, John Lewis aliwaongoza waandamanaji kwenye daraja la Selma, akapasuliwa kichwa kwa rungu. Dunia ikaona. Tarehe 6 Agosti 1965 sheria ya haki ya kupiga kura ikatiwa saini. Mississippi, ambako weusi walioandikishwa walikuwa chini ya 7 kwa mia, walifika karibu 60 kwa mia mwaka 1967.

Marekani huchagua rais kila miaka minne, lakini katikati ya muhula kuna uchaguzi mwingine wa wabunge na viongozi wengi wa majimbo na wilaya. Wengi huupuuza kwa vile rais hayumo. Mwaka 1966 ulikuwa wa namna hiyo. Watu weusi wa Selma hawakuupuuza. Mkuu wa polisi Jim Clark, aliyewapiga kwa marungu na kuwafunga, aliangushwa kwa kura zao. Rais hakumwondoa. Aliondolewa na wakulima na wapishi waliokuwa na kadi ya kura.

NA SISI TAITA TAVETA?

Wazee wetu nao walipimwa. Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura mara ya kwanza, lakini kwa masharti ya elimu, mapato, mali na umri. Aliyetimiza mengi alipata hadi kura tatu, na asiyetimiza alikaa nje. Ronald Ngala, mwalimu aliyewahi kuongoza shule ya Mbale huku Taita, ndiye aliyechaguliwa kuiwakilisha Pwani. Yeye na wenzake saba walikataa nafasi za uwaziri wakadai viti zaidi vya Waafrika.

Leo sharti ni umri wa miaka 18, kitambulisho na kujiandikisha. Hakuna mtihani wa katiba. Lakini nenda kwenye maskani zetu, utasikia kijana akisema eti kura yangu moja itabadilisha nini. Mwingine anaiuza kwa mia mbili na pakiti ya unga. Mwingine anamjua mgombea urais mpaka jina la mbwa wake, lakini hamjui anayegombea udiwani wa wadi yake, na huyo ndiye atakayepitisha bajeti ya kaunti, maji na basari. Shida ya maji Kasigau na ndovu wanaomaliza mahindi Sagalla huanza kusemewa hapo.

Masheikh wetu hutukumbusha kwamba kura ni amana na ni ushahidi. Katika Suratun-Nisaa tumeamrishwa kuzirejesha amana kwa wenyewe. Anayeuza ushahidi wake anajua jina la kitendo hicho.

Basi baada ya Tarawehe, badala ya kulalamika barazani, muulize nduguyo kama ana kitambulisho. Mpeleke bibi ofisi ya uandikishaji. Hakikisha jina lako limo kwenye daftari kabla ya siku yenyewe. Ulizeni wagombea maswali mkiwa bado hamjawapa chochote.

Mwenyezi Mungu amrehemu Al-Hajj Malik El-Shabazz, azikubali funga zetu, na atujaalie viongozi wenye kumcha. Amin.

Wabillahi tawfiq.