Masinde Muliro, Mpole Asiyeyumbishwa

Wanafunzi wenzangu, tukienda Kakamega mjini tunaliona jina la Masinde Muliro pale kwenye chuo kikuu, lakini wengi wetu hatujui alifanya nini hasa.

Marehemu alizaliwa mwaka wa 1922 upande wa Kimilili, akasoma hadi Cape Town, akarudi kufundisha. Machi 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, aligombea Nyanza Kaskazini, yaani huku kwetu, akamwangusha W.W.W. Awori aliyekuwa tayari barazani. Si mchezo!

Hakuwa mtu wa makelele. Lakini mwaka wa 1975 J.M. Kariuki aliuawa, na ripoti ya uchunguzi ikaletwa Bungeni. Serikali haikutaka ikubaliwe. Muliro, ingawa alikuwa waziri, akapiga kura ya kuikubali. Ripoti ikapita, naye akafutwa kazi siku iyo hiyo. Ni wangapi kati yetu wangeliacha gari la bendera hivyo?

Mwaka wa 1991 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa FORD. Agosti 1992 alirudi kutoka London, akaanguka na kufa uwanjani Nairobi kabla hajatoka nje, miezi minne tu kabla ya uchaguzi wa vyama vingi alioupigania.