Konrad Lorenz: Daktari aliyegeuka mama wa bata bukini

Mfugaji anayetotolesha mayai ya bata bukini nyumbani hukutana na jambo moja mapema sana. Kifaranga akishakauka manyoya huanza kumfuata mtu. Ukienda bombani yuko nyuma yako, ukiingia ndani anakulilia mlangoni. Aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta sababu ya jambo hilo ni Konrad Lorenz, raia wa Austria.

Lorenz alizaliwa jijini Vienna tarehe 7 Novemba 1903. Baba yake alikuwa daktari bingwa wa mifupa mwenye jina kubwa na fedha za kutosha, na familia ilikuwa na nyumba katika kijiji cha Altenberg, kando ya mto Danube. Akiwa mdogo alisomewa kitabu cha Selma Lagerlöf kuhusu kijana anayesafiri angani na mabata bukini, naye akatamani awe bata bukini. Alipoona hilo haliwezekani akataka angalau kumfuga mmoja. Hilo nalo lilishindikana, akaambulia kifaranga wa bata wa kawaida wa siku moja kutoka kwa jirani. Kifaranga yule alimfanya Lorenz kuwa mama yake. Gretl, binti aliyekuwa akicheza naye, alipata kifaranga wa pili. Wawili hao walikuja kuoana mwaka 1927.

Baba alitaka mwanawe awe daktari, na mwana akatii. Alihitimu udaktari mwaka 1928, lakini hakuacha wanyama, na mwaka 1933 akapata shahada nyingine ya elimu ya wanyama. Ufugaji wake wa pale Altenberg haukuwa na mshahara wa maana. Gretl, ambaye naye alikuwa daktari, ndiye aliyekuwa akileta fedha nyumbani. Wasomaji wengi wanaijua hali hiyo: mradi wa mume huanza kwa mshahara wa mke.

Miaka hiyo ya 1930 ndipo alipompata Martina. Lorenz alikuwa na mayai ya bata bukini wa mwituni, akayaweka chini ya bata mzinga na bata bukini wa kufugwa ili wayaatamie. Kifaranga wa kwanza alipoanguliwa, yeye alikuwa karibu akimtazama, na kifaranga akamtazama pia. Baadaye alipomsukuma chini ya bata bukini mweupe, kifaranga alitoka mbio akilia na kumfuata. Alirudishwa, akatoka tena. Mwishowe Lorenz alikubali kushindwa, akampa jina, akamlaza chumbani mwake chini ya blanketi la umeme. Usiku Martina aliita mara kwa mara, na daktari akaamka kumjibu kwa sauti ya bata.

Alichokieleza Lorenz, akiendeleza kazi ya Mjerumani Oskar Heinroth aliyemtangulia, ni kwamba kifaranga wa bata bukini hazaliwi akimjua mama yake. Humjifunza katika saa chache za mwanzo kutokana na kile anachokiona kikitembea na kutoa sauti. Lorenz aliamini kuwa alama hiyo haifutiki kabisa. Watafiti wa baadaye walionyesha kuwa inaweza kulegea kidogo, ila kwa mfugaji tofauti hiyo si kubwa.

Kwa hiyo amua nani atakuwa mama kabla yai halijapasuka. Kama unaye bata anayeatamia, usimchungulie kifaranga kila dakika. Waliotoka kwenye mashine waingizwe chini ya mama usiku uleule, kabla hawajakuzoea. Kama mama ni wewe, totolesha wawili au zaidi ili wajuane wao kwa wao. Dume aliyelelewa peke yake na mtu huweza kukua akitafuta mchumba miongoni mwa watu, na hawaogopi hata kidogo anapoamua kuwang'ata.

Kazi ya mama ni nzito kuliko inavyoonekana. Mayai huchukua siku 28 hadi 31. Kuku wa kienyeji anaweza kuatamia manne hadi sita, lakini ni mazito kwake, hivyo yageuze kwa mkono kila siku, na weka alama ya penseli usichanganyikiwe. Wiki ya kwanza vifaranga wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 34, kisha punguza kidogo kila wiki. Usiwaweke juu ya gazeti tupu: sakafu ikiteleza miguu hupanuka, na kifaranga wa namna hiyo ni hasara. Chombo cha maji kiwe na kina cha kutosha kuosha pua na macho, lakini wasiogelee, kwani bila mama manyoya yao hunywa maji na baridi huwaua. Nyasi laini wapewe tangu siku za mwanzo. Chakula cha vifaranga wa kuku mara nyingi huwa na upungufu wa vitamini ya niasini kwa bata, na dalili yake ni miguu dhaifu iliyopinda.

Mwaka 1937 Lorenz alifanya kazi na Mholanzi Niko Tinbergen pale Altenberg. Walithibitisha kuwa bata bukini akiona yai nje ya kiota hulivuta kwa mdomo, na ukiliondoa katikati huendelea kuvuta hewa hadi kiotani.

Kuna sura chafu katika maisha haya. Mwaka 1938 Lorenz alijiunga na chama cha Nazi. Aliona bata wa kufugwa kuwa wanene, wazembe na wasiochagua wenza, akadai kuwa binadamu wa mijini nao wanaharibika vivyo hivyo na wabovu waondolewe. Alikosea kwa binadamu, na kosa hilo lilitumikia utawala wa mauaji. Hata kwa bata sikubaliani naye. Unene na utagaji mwingi alioudharau ndio faida ya mfugaji.

Vitani alikuwa daktari wa jeshi. Alitekwa na Wasovieti mwaka 1944, akarudi nyumbani mwaka 1948 akiwa na mswada wa kitabu alioandika juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Baadaye aliongoza taasisi ya utafiti ya Seewiesen, Ujerumani, na mwaka 1973 akagawana Tuzo ya Nobel ya tiba na Tinbergen na Karl von Frisch. Kisha alirudi Austria, akaanzisha kundi la bata bukini katika bonde la Alm huko Grünau.

Alifariki tarehe 27 Februari 1989. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Salzburg kilimvua shahada ya heshima kwa sababu ya maandishi yake ya enzi za Nazi. Utafiti wa bata bukini wa Grünau uliendelea baada yake.