Maisha ya Watu Mashuhuri: Admirali Nimitz na Wenzake wa Bweni

Kwa kawaida ukurasa huu hutolewa kwa habari za wale waliopita katika lango la shule yetu wenyewe. Safari hii nimemwomba mhariri aniruhusu nimlete mgeni, mtu wa Marekani aliyefariki mwaka 1966, ambaye huenda wengi wenu mmelisikia jina lake tu kwa sababu limeandikwa ubavuni mwa manowari kubwa ya kubeba ndege. Namleta kwa kuwa katika kusoma kwangu sijamwona mtu mwingine ambaye maisha yake yote yalifungamana hivyo na vijana aliosoma nao, wala aliyepata mtihani mgumu kama wake kwa ajili yao.

Chester Nimitz alizaliwa tarehe 24 Februari 1885 katika mji mdogo wa Fredericksburg, jimbo la Texas, mbali kabisa na bahari. Watu wa mji ule walikuwa wahamiaji wa Kijerumani. Baba yake alikwisha kufa miezi kadhaa kabla mtoto hajazaliwa, na aliyeshika nafasi ya mzazi alikuwa babu yake, mzee aliyekuwa baharia ujanani na sasa alikuwa na hoteli iliyojengwa kwa umbo la meli. Baadaye mama yake aliolewa na mdogo wa marehemu mumewe, wakahamia Kerrville, nako pia wakafanya kazi ya hoteli. Kijana alikata kuni, akachochea majiko, akakaa mezani pa kupokea wageni hadi usiku.

Hakuwa na nia ya bahari. Alitaka kwenda West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu, baada ya kuwaona maofisa wawili vijana waliolala hotelini kwao wakiwa na sare mpya. Nafasi za West Point zilikuwa zimekwisha. Mbunge wa jimbo lake alikuwa na nafasi moja ya chuo cha wanamaji huko Annapolis, Maryland, basi Nimitz akaishika hiyo. Aliamka saa 9 za usiku kusoma kabla ya kazi za hoteli, akashinda mtihani, na mwaka 1901 akaondoka hata bila kumaliza shule. Cheti chake cha sekondari alikuja kupewa na shule yake ya Kerrville baada ya vita, alipokwisha kuwa admirali wa nyota tano. Nadhani hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kukabidhi cheti kwa mwanafunzi aliyechelewa namna hiyo.

Annapolis ya siku zile ilikuwa na wanafunzi mia chache tu, kwa hiyo kila mtu alimjua kila mtu. Ninyi mliokaa mabweni mnaelewa maana yake. Njuka aliteswa na wakubwa zake, kisha akawa mkubwa na yeye. Waliomtangulia Nimitz kwa mwaka mmoja walikuwa William Halsey, mcheza mpira wa Kimarekani, kijana wa kelele na kifua, na Husband Kimmel, mchapa kazi aliyependa kila jambo liwe sawasawa. Nyuma yake alikuja Raymond Spruance, mkimya kiasi cha kudhaniwa ana maringo, na mwaka wake wa mwisho akaingia njuka mmoja jina lake Richmond Kelly Turner, mwenye akili kali na hasira zaidi ya akili. Nimitz mwenyewe alikuwa na nywele nyeupe kama pamba, mcheshi, mpole wa sauti, msimulizi wa visa. Katika mashua ya mashindano alikaa nafasi ya mpiga kasia ambaye wengine wote hufuata mwendo wake.

Nisimfanye malaika. Mwaka wa mwisho darasa lake lilihamishiwa katika jengo jipya la Bancroft Hall ambalo halijakamilika, na vijana wakagundua njia ya kupanda juu ya paa. Huko walikunywa bia usiku, kinyume cha kila sheria ya chuo. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha siku ambayo kura ya kwenda kununua bia ilimwangukia Nimitz. Alikwenda mjini na mkoba, akiwa na sare yake, akaingia kwa mshonaji aliyewauzia kwa siri. Chumbani mle alikuwamo mgeni mmoja asiyemjua, amekaa kimya anatazama. Jumatatu yake, mwalimu mpya alipoingia darasani, kumbe ni mtu yule yule! Mwalimu hakusema neno siku ile wala siku yoyote. Miaka mingi baadaye, maofisa vijana walipoletwa mbele ya Nimitz kwa kosa la kwanza, wengi walirudi na karipio dogo tu. (Wanafunzi wa sasa wasiichukue hadithi hii kwa mwalimu wa zamu.)

Tarehe 30 Januari 1905 darasa lao lilitolewa kabla ya wakati, kwa kuwa Rais Theodore Roosevelt alikuwa akiongeza manowari na maofisa hawakutosha. Walihitimu 114, Nimitz akiwa wa 7. Walivaa pete za darasa, wakatawanyika duniani. Pete ile ilimfaa kuliko alivyotazamia: kabla nchi yake haijaingia Vita Kuu ya Kwanza, alipokuwa akiwaonyesha wageni injini ya dizeli, meno ya mashine yalikamata mkono wake wa kushoto na kukata sehemu ya kidole. Pete ya Annapolis ilikwama katika meno, na mkono uliosalia ukaokoka.

Hapo nimeruka mambo. Mwaka huo huo wa 1905, akiwa katika manowari Ohio, alialikwa Tokyo pamoja na vijana wenzake kwenye karamu ya Mfalme wa Japani kusherehekea ushindi wa Tsushima. Mshindi mwenyewe, Admirali Togo, alipita karibu na meza yao. Vijana wakamtuma Nimitz akamkaribishe. Togo, aliyekuwa amesomea ubaharia Uingereza, alikuja, akawapa mikono, akaongea nao Kiingereza. Nimitz hakumsahau. Mwaka 1934, akiwa nahodha wa Augusta, alihudhuria mazishi yake. Na baada ya vita vya kuiangamiza Japani, ndiye aliyeweka askari kulinda Mikasa, manowari ya Togo, isivunjwevunjwe na waporaji, kisha akachangia fedha za kuitengeneza.

Mwaka 1908, akiwa na miaka 23 na akiongoza manowari ndogo Decatur huko Filipino, Nimitz aliipandisha kwenye fungu la matope. Hakupima vizuri mahali alipo wala hakuangalia kama maji yanakupwa au yanajaa. Alifikishwa mahakama ya kijeshi, akapewa karipio. Kwa ofisa mwingine huo ungekuwa mwisho. Yeye aliachiwa aendelee, akawa bingwa wa nyambizi.

Sasa nafika mahali paliponifanya niandike. Mwanzoni mwa 1941 Rais Franklin Roosevelt alimtaka Nimitz awe mkuu wa wanamaji wote katika Bahari ya Pasifiki. Nimitz aliomba asipewe, kwa kuwa wako wengi waliomzidi utumishi na wangeona vibaya. Cheo kikaenda kwa Kimmel. Tarehe 7 Desemba mwaka ule ule Wajapani walishambulia Pearl Harbor, wakafa Wamarekani 2,403. Kimmel akaondolewa, akashushwa cheo, na taifa zima likamnyooshea kidole.

Aliyetumwa kushika nafasi yake alikuwa Nimitz. Aliwasili siku ya Krismasi, bandari ikiwa bado inanuka mafuta na maiti, akamkuta mkubwa wake wa bweni amepungukiwa nyota mbeleni. Alimwambia kuwa jambo lile lingeweza kumpata mtu yeyote. Naamini alisema kweli yake, maana alijua ni nani hasa ambaye lingempata. Tarehe 31 Desemba alipokea madaraka akiwa juu ya sitaha ya nyambizi Grayling. Kisha akawaita wasaidizi wa Kimmel, watu waliokwisha kufunga mizigo wakingoja kufukuzwa, akawaambia anawahitaji wabaki. Mmoja wao, Edwin Layton wa upelelezi, ndiye aliyemtajia Wajapani wangetokea upande gani na saa ngapi katika mapigano ya Midway, Juni 1942, naye akakosea kwa dakika tano tu. Halsey aliyetarajiwa kuongoza alikuwa hospitali kwa ugonjwa wa ngozi, akampendekeza Spruance mkimya. Zikazama manowari nne za Japani za kubeba ndege, na vita vikageuka.

Huo ndio upande mzuri wa urafiki wa shule. Upande wa pili ni huu. Tarehe 18 Desemba 1944 Halsey aliiongoza safu yake ndani ya kimbunga karibu na Filipino. Manowari tatu zilipinduka, wakafa watu wapatao 790. Baraza la uchunguzi lilikaa Ulithi na kuona kuwa Halsey alikosea katika kupima hali. Nimitz hakumwadhibu. Aliwaandikia manahodha wote waraka mrefu kuhusu hali ya hewa, akiwataka wasingoje kuamriwa ndipo waokoe meli zao. Juni 1945 Halsey akaingia katika kimbunga cha pili, na bado akabaki kazini.

Nimelifikiria sana jambo hili na sikubaliani nalo lote. Kumrehemu Kimmel kulikuwa haki, kwa maana Kimmel alikuwa amekwisha kupigwa na wengine. Lakini mabaharia 790 walikuwa na mama zao, na wengi walikuwa na umri wa Kidato cha Sita. Iwapo nahodha asiyejulikana, asiyetoka Annapolis, angefanya vile, sidhani angeachiwa. Wanaomtetea Nimitz husema Halsey alikuwa roho ya askari na vita havijaisha. Huenda. Mimi naona pia paa la Bancroft Hall katika uamuzi ule.

Na udugu ule ulikuwa na ukuta. Vijana weusi waliojaribu kusoma Annapolis miaka ya 1870 walifukuzwa kwa mateso, na Mwafrika wa kwanza kuhitimu, Wesley Brown, alipata shahada mwaka 1949. Katika manowari za Nimitz watu weusi wengi walikuwa watumishi wa mezani. Mmoja wao, Doris Miller, alishika bunduki ya mzinga siku ya Pearl Harbor bila kufundishwa kuitumia, na tarehe 27 Mei 1942 Nimitz mwenyewe alimvika nishani juu ya Enterprise. Miller aliuawa vitani mwaka uliofuata, akiwa bado mtumishi wa jikoni.

Tarehe 2 Septemba 1945 Nimitz alitia sahihi kwa niaba ya Marekani wakati Japani iliposalimu amri, na Layton alikuwapo kwa mwaliko wake. Alikuwa mkuu wa jeshi la majini mpaka Desemba 1947. Kampuni zilimtaka kwa fedha nyingi, akakataa. Wachapishaji walimtaka aandike kumbukumbu zake, akakataa pia, kwa kuwa asingeweza kusimulia vita bila ya kuwaumiza wenzake, walio hai na waliokufa. Mwanahistoria hulia kwa uamuzi kama huo. Mtu aliyelala bweni moja na wenzake miaka minne huuelewa.

Alikuwa na haki ya kuzikwa Arlington kwa fahari yote. Badala yake alikubaliana na Spruance, na Turner yule mwenye hasira, na Charles Lockwood wa nyambizi aliyehitimu Annapolis mwaka 1912, kwamba wazikwe mahali pamoja na wake zao katika makaburi ya askari ya San Bruno, karibu na San Francisco. Turner alitangulia mwaka 1961. Nimitz alifariki tarehe 20 Februari 1966, akazikwa tarehe 24, siku ambayo angetimiza miaka 81. Lockwood alifuata 1967, na Spruance, mkimya, akawa wa mwisho mwaka 1969. Mawe ya makaburi yao ni sawa na ya askari wengine wote, na wamelala bega kwa bega.