Kadhi Aliyetuandikia Tarikhi ya Mvita

Watu wa pwani wakitajiwa marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Allah amrehemu, humkumbuka kwa mambo mawili. La kwanza ni ukadhi, kwani alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki 1947. La pili ni magazeti yake, Sahifa na Al-Islah, ambayo wazee wetu waliyasoma wakiyapokezana mkono kwa mkono. Yote mawili ni haki yake. Lakini liko la tatu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sheikh alikuwa mwandishi wa tarikhi ya mji wake, na sisi tunaopenda mambo ya kale tuna deni kwake ambalo wengi wetu hatulijui.

Nasema sisi kwa sababu mimi ni mmoja katika kikundi cha wapenda historia hapa Mombasa. Hukutana barazani, mmoja wetu akatoa mazungumzo, wengine wakauliza na kubisha. Siku nyingine hupanda gari tukaenda kutazama magofu ya Gedi, au Jumba la Mtwana, au Takaungu, au Gazi. Lakini mahali tuendapo mara nyingi zaidi ni Ngomeni, na huko ndiko nilikogundua tabia yetu moja isiyonipendeza. Wareno hupewa saa nzima. Huelezwa jiwe la msingi la 1593, na mizinga, na jinsi Waarabu wa Oman walivyoizingira ngome tangu Machi 1696 hata wakaitwaa Disemba 1698. Baada ya hapo mzungumzaji hutazama saa yake, akawapa Wamazrui dakika tano, kisha akarukia Waingereza. Karibu miaka mia moja ambayo mji huu ulitawaliwa na watu waliokaa papa hapa, wakaoa hapa na kuzikwa hapa, hupita kama upepo. Makaburi yao yako hatua chache tu kutoka mlango wa Ngome, na wageni wengi hupita bila kugeuza shingo.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo huo uliokwisha nyang'anywa utawala. Tangu 1837, Sayyid Said bin Sultan alipoitwaa Mombasa na kuwakamata wakubwa wa Kimazrui, wengine wao wakapelekwa kufungwa Bandar Abbas wasirudi tena, Wamazrui waliobaki walikuwa wametawanyika, wengine Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gazi upande wa kusini. Waliobaki mjini wengi wao walishika elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa aliyesoma Makka. Alikuwa mtu wa kusema analoliamini, na msimamo wake katika mambo ya madhehebu ulimtia matatani na Sayyid Barghash, akafungwa Unguja, asitoke mpaka Barghash alipokufa 1888. Basi mtoto huyu alizaliwa katika nyumba iliyokwisha kuonja gereza kwa sababu ya maneno.

Hakuwahi kumjua babake vizuri. Sheikh Ali alifariki 1894, na mwaka uliofuata vita vikawaka. Mbaruk bin Rashid wa Gazi aliwapiga Waingereza na kupigwa nao, kutoka Takaungu mpaka Mwele, hata Aprili 1896 akavuka mpaka na watu wake kuingia katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Hakurudi, alifia Dar es Salaam 1910. Hivyo mwisho wa nguvu za Wamazrui ulikuja Al-Amin akiwa mtoto wa miaka minne au mitano, umri wa kusikia wakubwa wakinong'ona bila kufahamu kinachonong'onwa. Mimi naona hili si jambo dogo kwa mtu ambaye baadaye atakaa kitako kuandika habari za watu hao hao.

Alilelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, mwanachuoni ambaye naye alipata kuwa Kadhi Mkuu, na kwake akasoma misingi ya dini na lugha ya Kiarabu. Kisha akafuata njia waliyoifuata wanafunzi wote wa pwani waliotaka kuchota zaidi, akaenda Unguja. Huko alipiga magoti mbele ya Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, wanavyuoni wawili ambao hapana haja ya kuwaeleza kwa msomaji wa pwani. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Na kutoka Misri yalimfikia mawazo ya Sheikh Muhammad Abduh na Sayyid Rashid Ridha kwa njia ya gazeti la Al-Manar. Humo alikuta swali lililokuwa likimsumbua hata yeye: kwa nini Waislamu wamekuwa nyuma, na dawa ni nini?

Jawabu lake alilitoa kwa wino. Mwaka 1930 alianza Sahifa, kikaratasi kidogo cha Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na inahesabiwa kuwa gazeti la kwanza la Kiislamu kwa lugha yetu. Mwaka 1932 ikafuata Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Msomaji asidhani kwamba mlikuwa na mambo ya udhu na twahara peke yake. Sheikh aliwasema watu wake vikali. Aliwasema kwa uvivu, kwa ulevi, kwa kuiga wageni katika mavazi na kuwaacha katika elimu na bidii, kwa gharama za harusi na matanga, kwa kuwanyima watoto wa kike masomo. Wako waliomchukia kwa hayo, khasa alipogusa mambo ambayo yeye aliyaona ni bidaa na wao wakiyaona ni dini yenyewe. Mjadala huo haujesha mpaka leo, wala sina nia ya kuufungua upya hapa. Ninalotaka msomaji alione ni kwamba mtu huyu hakuwa na desturi ya kuwafichia jamaa zake aibu. Mwaka 1944 baadhi ya makala yale yalikusanywa kitabuni kwa jina la Uwongozi, na 2017 yakachapishwa tena Uholanzi pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na miaka mitano baadaye Kadhi Mkuu. Magazeti yakakoma. Wako wasemao kwamba serikali ya Kiingereza ilijua inalolifanya, kwamba mwenye kalamu kali akipewa kiti hutulia. Mimi sioni hivyo, kwa sababu kalamu haikutulia. Iligeuka njia tu. Aliendelea kusomesha, na wanafunzi wake ndio walioshika taa baada yake. Mmoja ni Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu Kenya ilipopata uhuru. Mwingine ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, aliyeshika kiti hicho hicho tangu 1968 na kututolea Qurani Takatifu kwa Kiswahili. Na katika saa zilizobaki baada ya mahakama na darsa, Sheikh akawa anaandika kwa Kiarabu tarikhi ya Wamazrui wa Mombasa.

Hebu tuitazame hali aliyoiandikia. Leo sisi tunakata tikiti tukaingia Ngomeni, tukapanda juu ya kuta, tukapigwa picha na bahari nyuma yetu. Yeye asingeweza. Tangu 1895 Waingereza walikuwa wameifanya Ngome kuwa jela, ikabaki jela mpaka 1958, na 1960 ndipo ilipofunguliwa kuwa makumbusho. Umri wake wote wa utu uzima, mtu alikuwa akiingia Ngomeni kwa sababu tatu: ni mfungwa, ni askari, au ana shughuli na mmojawapo. Kadhi wa mji alipita nje ya kuta zile, baraza ya liwali wa Kimazrui iko ndani, na baina yake na baraza hiyo pana mlango wa gereza. Mtu wa namna hii hakuwa na magofu ya kutembelea. Alichokuwa nacho ni karatasi za zamani, vitabu, na midomo ya wazee, na kwa hivyo ndivyo alivyofanyia kazi.

Alianza na asili ya ukoo huko Oman, akashuka mpaka kwa Muhammad bin Uthman, liwali wa Kimazrui aliyekataa kumtii Ahmad bin Said Al-Busaidi aliposhika uimamu wa Oman. Muhammad aliuawa kwa hila ndani ya Ngome yake mwenyewe, kiasi cha 1746. Nduguye Ali bin Uthman alitiwa kifungoni humo humo, akatoroka, akakusanya watu wa mji, akairudisha Ngome mikononi mwao. Ni kisa ambacho kingekuwa cha Wareno, kingekwisha tolewa filamu. Kisha Ali akapeleka jeshi Unguja, na akiwa karibu kushinda akauawa. Aliyemuua hakuwa adui. Alikuwa ni mtu wa nyumba yake, damu yake. Jeshi likarudi Mombasa mikono mitupu.

Kisa hiki ndicho kilichotugombanisha barazani. Mmoja wetu anayejua Kiarabu alikuwa akisoma na kutufasiria. Alipofika hapo, mzee mmoja aliinua mkono akauliza kuna faida gani kufukua mambo haya mbele ya vijana, na watu wenyewe wako makaburini. Neno lake lilikuwa na uzito, kwani dini yetu imetukataza kuwasema maiti kwa ubaya, na katika mji mdogo kila jina la kale lina wajukuu wanaoamkiana msikitini. Baadhi yetu tuliona afadhali ukurasa urukwe. Aliyekuwa akisoma akajibu kwamba aliyeliandika jambo hili ni Mmazrui, tena Kadhi, tena mtu aliyejua hukumu ya kusengenya kuliko sisi sote pale. Kama yeye aliona halina budi kuandikwa, sisi ni nani wa kulikunja? Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema basi na asome, lakini asome na majina ya waliofanya mema vile vile. Tukacheka, na ikasomwa.

Mimi namuunga mkono msomaji, lakini nakiri mzee aligusa mahali. Aandikaye habari za nyumba yake hujaribiwa na mambo mawili, kuipamba au kuilaani, na Sheikh alikuwa na sababu ya kuipamba. Waingereza walikuwa wameandika habari za Mbaruk kama habari za mwasi na mnyang'anyi, na ukoo wa kisultani ulikuwa na wasifu wake wa kuusifu. Mwenye kuandika kwa ajili ya walioshindwa angeweza kusamehewa kidogo cha chumvi. Hata hivyo, ugomvi wa ndani kwa ndani uliowala Wamazrui haukufichwa. Na ukiutazama vizuri, ndio uliowaondoa. Baada ya kushindwa Shela, karibu na Lamu, kiasi cha 1812, nguvu zao zilianza kurudi nyuma. Mwaka 1824 waliinua bendera ya Kiingereza kwa msaada wa Kapteni Owen, na miaka miwili baadaye London ikaikataa. Lakini Sayyid Said alikuja na manowari zaidi ya mara moja akashindwa kukaa. Alichoweza kukitumia hatimaye ni mgawanyiko wa Wamazrui wenyewe na wa mataifa ya Waswahili waliokuwa pamoja nao.

Kuhusu lugha, wengine huuliza kwa nini mtu aliyetoa gazeti la Kiswahili aandike tarikhi kwa Kiarabu. Nadhani sababu ni wasomaji aliowakusudia. Magazeti yalikuwa ya mtu wa sokoni na wa jahazini. Tarikhi ilikuwa ikisemezana na wanavyuoni wa Oman na Misri na Hadhramaut, ipate kuwekwa katika rafu moja na tarikhi zao.

Hakuimaliza. Mauti yalimkuta 1947, akiwa na miaka kama hamsini na sita, na mswada ukabaki kwa jamaa zake. Mwanawe Ali alikuwa wakati huo kijana wa miaka kumi na minne. Ndiye Profesa Ali Mazrui aliyekuja kujulikana ulimwengu mzima, akafariki Marekani Oktoba 2014 na kuletwa kuzikwa katika makaburi yale yale ya Wamazrui karibu na Ngome. Kitabu cha baba kilingoja karibu miaka hamsini. Kilipigwa chapa 1995 na Oxford kwa niaba ya British Academy, kikiwa na tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya J. McL. Ritchie. Ni kitabu cha wataalamu, nacho si rahisi kukipata dukani.

Kikundi chetu kina nakala moja, imekwisha chakaa kwa kupigwa picha kurasa zake. Katika baraza zetu sasa tumefika kwa Masud bin Nasir, aliyetawala baada ya Ali bin Uthman. Safari ya Takaungu imewekwa baada ya mfungo, inshallah, na safari hii mzungumzaji ameambiwa mapema kwamba Wareno watapewa dakika tano.